Safari ya Maua ya Uholanzi: Tazameni Wiki, Msitazame Picha



Barua iliyotufikia majuzi kutoka kwa dada mmoja wa Mombasa haikuwa ndefu, lakini ilikuwa na uzito. Mama yake ameshapita umri wa miaka sabini. Maisha yake yote ameshika uzi na sindano, akitunga vikuba vya asumini, rihani na mkadi kwa maharusi wa mtaa mzima, na tangu ujana wake amekuwa akisema kwamba angependa, kabla macho hayajafifia, kuiona kwa macho yake ile nchi ya maua aliyokuwa akiiona kwenye kalenda ukutani. Wanawe wanne wamechangizana kwa miaka mitatu. Pesa zimetimia za watu wawili, yaani mama na mmoja wa kumshika mkono. Mezani pana vijitabu vitatu vya mawakala watatu, kila kimoja kina picha ya kinu cha upepo nyuma ya mistari ya tulipu nyekundu na za manjano. Dada yetu atuuliza: tuchague kipi?

Vijitabu vyote vitatu tumevisoma. Majina ya mawakala tutayaweka kando, kwa kuwa tunalolitafuta si kumsifu huyu wala kumwumbua yule. Jibu twalitoa hadharani kwa sababu suala hili si la nyumba moja. Safari ya aina hii aghalabu huja mara moja katika umri wa mtu, na kosa lake halionekani siku ya kulipa. Huonekana siku ya kufika, wakati mzee ameshavuka mabara, ndipo akakuta vitalu vya majani mabichi visivyo na ua hata moja.

Tuanze na ile picha. Mistari ile inayopendeza si bustani. Ni mashamba ya wakulima, na mashuhuri zaidi yamo katika ukanda wa mchanga ulio kati ya miji ya Haarlem na Leiden, ambao Waholanzi huuita Bollenstreek, yaani eneo la matunguu. Mkulima wa huko hauzi ua. Auza tunguu lililo chini ya ardhi. Ua likishachanua, na yeye akishahakikisha kuwa halina ugonjwa na rangi yake ndiyo ile aliyoitarajia, hupitisha mashine akalikata kichwa, ili nguvu ya mmea irudi chini ikalinenepeshe tunguu. Kwa hivyo shamba lililokuwa zulia jekundu siku ya Jumatatu laweza kuwa kijani kitupu ifikapo Ijumaa, na hapo hapana wakala wa kulaumiwa.

Bustani ni jambo jingine. Iliyo maarufu kuliko zote ni Keukenhof, katika mji mdogo wa Lisse. Jina lake ni la kinyumbani sana, maana yake ni uwanja wa jikoni, kwani katika karne ya 15 viunga hivyo vilikuwa vikilisha jiko la kasri ya bibi mtawala aitwaye Jacoba van Beieren. Mandhari yake ya miti na maji ilibuniwa mwaka 1857 na Jan David Zocher pamoja na mwanawe, wale wale waliobuni bustani ya Vondelpark ya Amsterdam. Mwaka 1949 wakulima wa matunguu walikubaliana kuifanya mahali pa kuonyeshea bidhaa zao, na mwaka 1950 milango ikafunguliwa kwa umma. Ina hekta 32, karibu ekari 80 kwa hesabu yetu. Kila mwaka, kabla ya baridi kuingia, hupandwa humo matunguu yapatayo milioni 7 kwa mikono, na msimu ukiisha hung'olewa, kazi ikaanza upya.

Hila ya watunza bustani wa Keukenhof ni ya kupendeza, na ndiyo itakayomfaa dada yetu kuijua. Matunguu huzikwa kwa matabaka. Yale yachelewayo kuchanua huwekwa chini kabisa, juu yake huwekwa yanayotangulia, na juu kabisa ni yale madogo ya mwanzo wa msimu. Tabaka moja likinyauka, jingine lapenya. Basi bustani, kwa wiki zake nane tangu karibu katikati ya Machi hadi wiki ya pili ya Mei, haikosi maua, ilhali mashamba yana siku zake chache, na baada ya hapo ni majani. Kijitabu chenye picha ya shamba na ratiba ya bustani peke yake hakijasema uongo, kimenyamaza tu. Dada yetu amwulize wakala kwa maneno yaliyo wazi: ni siku gani, na kwa saa ngapi, tutapelekwa mashambani?

Kisha kuna mfuatano wa maua yenyewe. Mwishoni mwa Machi huwapo krokasi, ambaye ni jamaa wa zafarani ya biriani zetu, na narsisi za manjano. Tulipu za wakati huo aghalabu ni zile zilizotunzwa ndani ya majumba ya maonyesho. Nusu ya kwanza ya Aprili huleta hayasinti na tulipu za mapema. Nusu ya pili ya Aprili ndiyo kilele cha mashamba ya tulipu. Mei ikiingia, bustanini zimebaki tulipu za mwisho, na mashamba mengi yameshakatwa vichwa. Haya yote huenda mbele au nyuma kwa wiki moja au hata zaidi kutegemea jua na baridi ya mwaka huo, na wakala anayekuapia tarehe kamili ya kilele miezi sita kabla hafai kuaminiwa hata katika bei.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa sababu vijitabu vyote vitatu vimelisahau jambo moja ambalo mtunga vikuba hawezi kulisahau. Sisi wa Pwani twalipima ua kwa pua kabla ya jicho. Asumini ni ua dogo jeupe lisilo na umbo la kutisha, na bado hakuna harusi bila yake. Tulipu, pamoja na fahari yake yote, nyingi hazina harufu, au zina harufu hafifu usiyoisikia mpaka uiname. Mama aliyelelewa na kilua na langilangi aweza kusimama mbele ya tulipu elfu kumi akajiuliza kimoyomoyo ni nini kinachokosekana. Ua linalonukia huko ni hayasinti. Lina harufu nzito, tamu, iliyojaa kifua, na shamba lake hujitambulisha kabla hujaliona. Nalo huwatangulia tulipu wengi. Anayekwenda mwishoni mwa Aprili kufuata mistari ya picha aweza kuikuta tulipu katika ubora wake na hayasinti imekwisha. Kwa mama huyu, ushauri wetu ni wiki ya pili hadi ya tatu ya Aprili, ambapo hayasinti haijaondoka na tulipu zimeanza, hata kama mashamba ya tulipu hayatakuwa yamewaka yote. Bahati njema ni kwamba kwa kawaida shule zetu huwa zimefungwa wakati huo, na mwana atakayefuatana naye hatalazimika kuwaacha watoto katikati ya muhula.

Sasa vijitabu. Cha kwanza chaahidi nchi nne kwa siku nane: Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Ni kinene na kina picha nyingi. Tulipoihesabu ratiba yake, tuliona kwamba basi linafika Keukenhof saa tano asubuhi na kuondoka saa nane mchana. Saa tatu. Ondoa foleni, msalani na chakula, zabaki saa moja na nusu, tena katika saa zile ambazo bustani imefurika watu, kwa kuwa msongamano mkubwa huwa kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Njia za miguu za bustani hiyo zina urefu wa kilomita 15. Siku nyingine za safari hiyo ni za kukaa ndani ya basi na kufungua na kufunga masanduku katika hoteli tano. Kwa vijana wanaotaka kupiga picha mbele ya mnara wa Paris, haidhuru. Kwa mama wa miaka sabini aliyesema neno moja tu, maua, ni kumpa asichokiomba kwa pesa alizochangiwa kwa kile alichokiomba.

Cha pili ni safari ya merikebu ndogo ya mitoni na kwenye mifereji, usiku saba. Uzuri wake ni kwamba sanduku hufunguliwa mara moja, na chumba husafiri na mwenyewe. Lakini jiko ni moja, ukumbi wa mapumziko ni mmoja, na vinywaji vinavyotawala ukumbi huo jioni vyajulikana. Tuliona pia kwamba bustani imepewa siku moja, na siku zilizobaki ni za vijiji na miji. Na bei ndiyo ya juu kuliko zote. Hatuikatai merikebu kwa kila mtu. Twaikataa kwa huyu.

Cha tatu ni chembamba, karatasi nne tu, na picha zake si nzuri. Siku sita, hoteli moja katika mji wa Leiden, watu wasiozidi 16. Siku nzima Keukenhof, ambako basi hufika kwa muda wa nusu saa hivi. Nusu siku mashambani kwa gari dogo. Asubuhi moja katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Leiden, siku moja Amsterdam, na siku moja isiyo na ratiba. Ile siku tupu ndiyo iliyotushawishi. Mwenye kuitunga safari hii ameshawahi kusafiri na wazee. Ana tarehe mbili za kuondoka, mwishoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Aprili, na ile ya Machi ni nafuu kwa kiasi cha kumshawishi mtu. Dada yetu asishawishike. Unafuu huo ndio gharama ya tulipu ambazo hazijachanua.

Kwa kuichagua tarehe ya Aprili kuna jambo jingine la kuulizia. Takriban kila mwaka, Jumosi moja ya mwezi huo, hupita gwaride la magari yaliyopambwa kwa maua kutoka Noordwijk ya pwani hadi Haarlem, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Lilianza muda mfupi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Magari hayo hupambwa zaidi kwa hayasinti, vijiua vikipachikwa kimoja kimoja kwa mikono ya watu wengi katika siku zinazotangulia. Kazi hiyo mama ataielewa kuliko mtu yeyote ndani ya basi lake. Kusimama kando ya barabara katika umati siku hiyo hatumshauri, tena barabara za Lisse hufungwa na bustani hujaa. Lakini magari hayo huegeshwa Haarlem, na Jumapili watu huenda kuyatazama yakiwa yamesimama, kwa utulivu, na kuyanusa. Wakala akiweza kuiweka ile siku tupu iangukie Jumapili hiyo, atakuwa amefanya kazi yake. Yafaa pia kukumbuka tarehe 27 Aprili, siku ya mfalme wao, ambapo Amsterdam hujaa pomoni na hoteli hupanda bei. Safari inayoangukia hapo ni bora ihamishwe.

Suala la mwongozaji watu hulichukulia kuwa dogo. Ukweli ni kwamba tiketi ya Keukenhof ni karibu euro 20 kwa mtu mzima, na mabasi ya umma yafika mlangoni kutoka Leiden na kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol. Mtu mwenye miguu na Kiingereza aweza kwenda peke yake. Basi anayelipa mara kadhaa ya hapo ili aongozwe ana haki ya kuongozwa kweli. Sisi twapendekeza jaribio dogo. Mwulize wakala: mwongozaji wenu hueleza tulipu ilitoka wapi? Akianza na viatu vya mbao na jibini, mshukuru na uondoke. Tulipu si ya Uholanzi kwa asili. Ilitoka katika milima ya Asia ya Kati, ikatunzwa na Waajemi na Waturuki karne nyingi kabla Mzungu hajaiona. Jina lenyewe la Kizungu latokana na neno la kilemba, kwa kulifananisha umbo lake. Waturuki huiita lale, na neno hilo likiandikwa kwa herufi za Kiarabu hutumia herufi zile zile za jina la Mwenyezi Mungu, ndiyo maana utaliona ua hilo limechorwa katika vigae vya misikiti ya Istanbul. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliyapeleka matunguu yake Leiden mwaka 1593, na majira ya kuchipua ya 1594 yakachanua katika bustani ile ile ya chuo iliyomo katika kijitabu cha tatu. Miaka isiyofika hamsini baadaye, Waholanzi walikuwa wakinunuana matunguu kwa bei ya nyumba, mpaka Februari 1637 soko likaanguka na wengi wakabaki na karatasi mikononi. Mama atakaposimama Leiden mbele ya kitalu kidogo cha Clusius, twataka awepo mtu wa kumwambia kwamba ua hili lilivaa kilemba kabla halijavaa kofia.

Kuhusu mnada wa maua wa Aalsmeer, unaotajwa katika vijitabu viwili, twasema upesi tu. Ni mahali pakubwa ajabu, na mawaridi mengi yapitayo humo yametoka Naivasha. Bei huanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Ila shughuli ni za alfajiri na siku za kazi, na sehemu kubwa ya ununuzi siku hizi hufanywa kwa tarakilishi kutoka mbali. Kumwamsha mzee saa kumi na moja katika baridi akatazame mikokoteni ya mawaridi ya nyumbani kwao, sisi hatuoni sababu.

Baridi hiyo isidharauliwe. Mchana wa Aprili huko ni kama nyuzi 13, na usiku hushuka hadi 4 au 5; mvua huja na kwenda bila kubisha hodi. Nguo za sufu ndani ya buibui, soksi nene mbili, viatu vilivyofungwa visivyoteleza, na mwavuli usiovunjwa na upepo. Bustani ina viti vya magurudumu ambavyo yafaa viagizwe mapema, na njia zake ni tambarare. Mama akisema hana haja ya kiti, kiagizwe hata hivyo, kwani ikifika alasiri ataona si kibaya kuwekea mikoba.

Nyakati za sala zitawashangaza wasiozizoea. Katikati ya Aprili, kwa saa za huko, adhuhuri huingia karibu saa nane kasoro dakika ishirini mchana, na jua halizami mpaka baada ya saa mbili na nusu usiku. Isha huingia usiku sana. Masuala ya kukusanya na kupunguza sala safarini twawaachia mashekhe wetu, na vivyo hivyo la nani afuatane na mama, ingawa katika nyumba hii hilo si gumu kwa kuwa wanawe wapo. Tunalolisisitiza sisi ni la kikalamu: kituo cha dakika ishirini cha alasiri kiandikwe katika ratiba, kisiachwe kuwa hisani ya dereva. Chakula, kwa upande mwingine, kina wepesi kuliko watu wanavyoogopa. Leiden na Amsterdam zina wakazi wengi wenye asili ya Uturuki na Moroko, na wachinjaji wa halali si wachache. Wako pia watu wa asili ya Suriname, na katika mikahawa yao iliyo ya halali mama atapata mchuzi na mkate wa kusukuma unaokaribia chapati yetu. Ndani ya bustani chakula ni viazi vya kukaanga, keki na mikate ya jibini. Hapo yafaa atoke hotelini na kifurushi chake.

Limebaki la viza, ambalo ndilo linaloweza kuziteketeza pesa za miaka mitatu bila ua kuonekana. Mkenya huhitaji viza ya Schengen. Maombi hayapokelewi kabla ya miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla yake. Sisi twasema miezi mitatu kabla, kwa sababu nafasi za miadi hujaa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya matibabu iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Ombi hupelekwa kwa nchi utakakolala usiku mwingi zaidi, na hapo kijitabu cha kwanza kina utata mwingine, kwani usiku mwingi wa safari hiyo ni wa Ufaransa. Mama hana hati ya mshahara, basi wanawe waambatishe taarifa zao za benki pamoja na vyeti vya kuzaliwa vinavyothibitisha kwamba ni wanawe.

Na kabla ya kutoa shilingi moja, dada yetu aombe kuiona leseni ya wakala kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kisha asome kifungu cha kurudishiwa pesa. Katika vijitabu hivi, kimoja chasema malipo ya awali hayarudishwi kwa sababu yoyote. Kingine hakisemi kitu, na hilo ni baya zaidi. Kile chembamba chasema kwamba viza ikikataliwa, hurudishwa yote isipokuwa gharama ya tiketi ya ndege iliyokwisha kukatwa. Aombe maneno hayo yaandikwe katika risiti, kwa jina lake na tarehe, na tiketi isikatwe mpaka viza itoke, hata kama ataambiwa bei itapanda. Tofauti ya bei ya tiketi yauma, lakini haifikii uchungu wa kupoteza zote.

Neno moja kuhusu kurudi. Mama atataka kuleta matunguu apande uani, na wauzaji watampa vifurushi vyenye picha nzuri. Tulipu haichanui bila kupitia wiki nyingi za baridi kali ardhini, baridi ambayo Mombasa haijapata kuijua. Litatoa majani mawili matatu kisha lioze. Pia mimea hai na matunguu hayaingizwi nchini ovyo. Sharti pawepo kibali cha KEPHIS, na kibali hicho huombwa kabla ya kuondoka nyumbani, si baada ya kushuka uwanja wa Moi.